Tabia moja kwa wiki: mwongozo wa kujirekebisha kwa njia ya Musar

Hillel, aliyefundisha Yerusalemu katika enzi za Mfalme Herode, aliwausia wanafunzi wake wasijiamini mpaka siku ya kufa kwao. Usia huo umehifadhiwa katika Avot, sehemu ya Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi) inayokusanya semi za marabi wa kale, ambayo Wayahudi wengi huisoma sura moja kila Sabato katika majuma yanayofuata Pasaka. Hillel hakukusudia kuwatia watu hofu. Alikuwa akisema kwamba hakuna umri, cheo wala elimu inayompa mtu ruhusa ya kutangaza kuwa kazi ya kujirekebisha ameimaliza. Linalobaki ni swali la utendaji: mtu aanzie wapi, afanye nini Jumatatu asubuhi, na atajuaje kama amesogea mbele?

Wayahudi wamelijibu swali hilo kwa namna nyingi, na mwongozo huu unafuata jibu moja tu, la harakati ya Musar, yaani mafunzo ya maadili, iliyochipuka Lithuania katika karne ya 19 chini ya Rabi Israel Salanter, aliyefariki mwaka 1883. Salanter aliona jambo ambalo kila mwalimu analifahamu: mtu anaweza kuijua sheria inayokataza kumwaibisha mwenzake mbele ya watu, akaifafanua vizuri darasani, kisha akatoka nje na kumfokea mhudumu. Elimu peke yake haikuwa ikishuka mpaka kwenye mwenendo. Kwa hiyo alihimiza wasomi na wafanyabiashara watenge muda na mahali maalumu pa kushughulikia tabia, na katika miaka ya 1840 kikachapishwa upya mjini Vilna, kwa msukumo wake, kitabu kidogo cha Menachem Mendel Lefin kiitwacho Heshbon ha-Nefesh, yaani hesabu ya nafsi, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1808. Lefin naye alikuwa amechukua utaratibu wake kutoka kwa Benjamin Franklin, mchapishaji na mwanasiasa wa Philadelphia, aliyejitengenezea orodha ya tabia 13 na jedwali la kujipima. Marabi hawakuona haya kwa hilo. Ben Zoma alikwisha kusema katika Avot kwamba mwenye hekima ni yule anayejifunza kwa kila mtu.

Mahitaji ni machache: daftari, kalamu, dakika kumi kila jioni, na mtu mmoja unayemwamini. Si lazima msomaji awe Myahudi. Sheria nyingi za Torati zinawahusu Wayahudi wenyewe, lakini kazi ya kurekebisha hasira au uvivu haina mipaka hiyo, na msomaji Mwislamu anayefahamu muhasaba atajikuta nyumbani, kwani Bahya ibn Paquda, rabi wa Zaragoza wa karne ya 11, aliandika kwa Kiarabu mlango mzima juu ya mtu kujihesabia nafsi yake.

Hatua ya kwanza: elewa kinachorekebishwa

Usianze kwa kuorodhesha dhambi zako. Musar hushughulika na tabia, na tabia kwa mafundisho haya si mbaya kwa asili yake. Huwa mbaya inapozidi au inapopungua. Rabi Moshe ben Maimon, anayejulikana zaidi kama Maimonides (1138–1204), alifundisha kwamba njia njema ni ya katikati: mtu asiwe mwepesi wa kukasirika, wala asiwe kama maiti asiyehisi lolote, asiwe bahili, wala asitapanye mali yake. Marabi wa kale walikwenda mbali zaidi. Walisema kila binadamu ana mwelekeo mwema na mwelekeo mbaya, kisha wakaongeza kwamba bila huo mwelekeo mbaya hakuna mtu ambaye angejenga nyumba, kuoa, kuzaa watoto au kufanya biashara. Ushindani na tamaa ndivyo vinavyomwamsha mtu alfajiri akafungue duka. Shabaha, basi, ni kuiongoza nguvu hiyo, na anayejiwekea lengo la kuiua kabisa atachoka mapema na huenda akawachosha walio karibu naye pia.

Maimonides aliacha tahadhari moja kwenye kanuni yake ya katikati. Katika kiburi na hasira, alisema, mtu asiridhike na katikati, bali ajivute upande wa pili kabisa, kwa sababu hizo mbili hurudi kwa kasi. Hata mzazi anayelazimika kuonyesha ukali ili kumfunza mtoto aonyeshe ukali usoni huku moyo wake ukiwa umetulia.

Hatua ya pili: chagua tabia 13, uanze na moja

Orodha ya Lefin ina utulivu wa moyo, subira, mpangilio, uthabiti wa kuamua na kutekeleza, usafi, unyenyekevu, haki, kubana matumizi, bidii, ukimya, upole wa maneno, ukweli, na kujizuia na tamaa. Si lazima uishike kama ilivyo. Anayelea wazee anaweza kuweka heshima mahali pa usafi. Mwenye duka anaweza kuweka uaminifu wa mizani. Muhimu ni idadi, kwa sababu tabia 13 zikipewa wiki moja kila moja zinakamilika kwa wiki 13, na mzunguko ukirudiwa mara nne zinatimia wiki 52.

Ili kujua zipi zikuhusu, tazama ugomvi unaojirudia. Ukiona umegombana na watu watatu tofauti kwa jambo lilelile, kazini, nyumbani na kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, tabia inayotafutwa iko hapo. Njia nyingine, chungu kidogo lakini ya uhakika, ni kumwomba mwenzi wako wa ndoa au ndugu yako akutajie moja bila kumkatiza anapoeleza.

Kuhusu ya kuanzia, Lefin aliweka utulivu wa moyo mwanzoni, nami naona alikuwa sahihi, kwa kuwa mtu aliyevurugika hawezi hata kukumbuka kwamba yumo kwenye mazoezi. Kama utulivu unaonekana mgumu, anza na mpangilio, ambao unaonekana kwa macho: meza imepangwa au haijapangwa. Nisingemshauri mtu aanze na unyenyekevu. Anayeufuatilia kila siku kwa daftari hujikuta anahesabu mara alizokuwa mnyenyekevu, na hapo ndipo unapopotea.

Hatua ya tatu: tafuta sentensi moja, uisome kwa sauti

Kila tabia ipewe sentensi fupi ya wiki hiyo. Kwa subira unaweza kuchukua neno la Mithali kwamba mtu asiyekasirika upesi ni bora kuliko shujaa. Kwa bidii, swali la Hillel la kama si sasa, lini. Katika yeshiva, yaani vyuo vya dini, za Musar muda wa kusoma maadili huwekwa jioni, kama nusu saa kabla ya sala ya usiku, na wanafunzi hawasomi kimyakimya. Husoma kwa sauti, kwa lahani, wakirudia sentensi moja mara nyingi, kila mtu kwa kasi yake, hata ukumbi mzima ukavuma. Salanter alishikilia kwamba jambo lililoeleweka kichwani huyeyuka wakati wa jaribu, ila lililosomwa kwa hisia na kurudiwa huacha alama mahali ambapo fikra za kawaida hazifiki. Nyumbani dakika tano zinatosha. Funga mlango ukiona haya.

Sentensi hushika zaidi ikiwa na kisa nyuma yake. Kwa subira, Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inacho kisa kinachojulikana sana miongoni mwa Wayahudi. Watu wawili waliwekeana dau la zuzi 400, sarafu za fedha za enzi hiyo, kwamba mmoja wao atamkasirisha Hillel. Ilikuwa Ijumaa, Sabato inakaribia, na Hillel alikuwa anaosha kichwa. Mtu yule akapita mlangoni akipaza sauti, “Yuko hapa Hillel? Yuko hapa Hillel?” bila hata kutaja cheo chake. Hillel akajifunika nguo, akatoka. “Mwanangu, unahitaji nini?” Akaulizwa kwa nini vichwa vya Wababeli ni vya mviringo, naye Hillel mwenyewe alikuwa ametoka Babeli. Akajibu kwa upole kwamba swali ni kubwa, na kwamba wakunga wao hawana ustadi. Mtu akaondoka, akasubiri kidogo, akarudi na swali jingine la kipuuzi, halafu la tatu. Mara zote Hillel alijifunika, akatoka, akajibu. Mwishowe mtu yule akalalamika kwamba amepoteza zuzi 400 kwa sababu yake, na Hillel akamwambia ni heri apoteze 400, na 400 nyingine juu yake, kuliko Hillel kushikwa na hasira.

Msomaji wa haraka huishia kwenye jibu la mwisho. Mimi naona funzo la kiutendaji liko kwenye kile kitendo kinachotajwa kila mara: alijifunika nguo kwanza. Kati ya kuitwa kwa kelele na kujibu, mikono yake ilikuwa na kazi ya kufanya.

Hatua ya nne: jiwekee ahadi ndogo

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, kwa sababu wanaahidi makubwa. Katika Musar ahadi ya wiki lazima iwe ndogo kiasi kwamba unaweza kuitimiza hata siku mbaya kuliko zote: siku ya homa, siku umeme umekatika, siku mshahara umechelewa. “Sitakasirika tena” si ahadi, ni ndoto. “Sitajibu ujumbe wa simu ulioniudhi mpaka niwe nimekunywa maji na kukaa chini” ni ahadi. Kwa mpangilio: vyombo vya usiku havilali vichafu. Kwa ukimya: katika mlo wa mchana simkatizi anayeongea. Kwa haki: nikirudishiwa chenji iliyozidi, nairejesha kabla ya kutoka dukani.

Sababu ya udogo huu ilielezwa na Maimonides kwa mfano wa fedha. Mtu mwenye sarafu 1,000 za dhahabu anaweza kumpa maskini mmoja zote kwa mkupuo, na mwingine anaweza kutoa sarafu moja mara 1,000. Kiasi ni kilekile, lakini wa pili ndiye anayekuwa mkarimu, kwa sababu mkono wake umefunguka mara 1,000, ilhali wa kwanza alisukumwa na moyo mara moja, kisha msukumo ukakatika. Maskini, bila shaka, angeweza kupendelea yule wa kwanza. Maimonides hapa anazungumzia kinachomtokea mtoaji.

Sharti la pili la ahadi ni kwamba gharama yake isimwangukie mtu mwingine. Inasimuliwa kwamba Salanter, alipokaribishwa chakula, alinawa mikono kabla ya mkate kwa kiasi kidogo kabisa cha maji kinachoruhusiwa na sheria. Wenyeji walishangaa, kwani wacha Mungu huyamimina kwa wingi. Akawaeleza kwamba mtumishi wa kike ndiye anayeyabeba maji yale kutoka kisimani, na kwamba haifai kutafuta ucha Mungu juu ya mabega ya mwingine. Kwa hiyo anayejiwekea ahadi ya kuamka saa kumi alfajiri ili asome, akiwasha taa na kuwaamsha watoto waliolala chumba hichohicho, aibadilishe.

Hatua ya tano: andika hesabu kila jioni

Chora jedwali: siku saba kwenda kulia, tabia 13 kwenda chini. Wiki hii unakazania tabia moja tu, lakini unaweka alama kwenye zote. Kila unapokosea, weka nukta moja. Chini ya jedwali andika sentensi moja, isizidi, inayoeleza tukio na si hisia: “Mama aliuliza mara ya pili bei ya dawa, nikamjibu kwa ukali.” Usijitetee kwenye daftari na usijitukane, vyote viwili ni njia za kukwepa kuona kilichotokea.

Wayahudi washika sheria hawaandiki siku ya Sabato, kwa hiyo nukta za Ijumaa usiku na Jumamosi huwekwa Jumamosi jioni baada ya nyota kuonekana, kwa kukumbuka. Wengi wanaona siku hiyo ndiyo inayowafundisha kujichunguza bila karatasi.

Kabla ya kuandika, samehe. Katika sala ya kulala ya Kiyahudi, wengi hutanguliza maneno ya kumsamehe kila aliyewaudhi au kuwakosea siku hiyo, awe alifanya kwa makusudi au bila kujua. Mpangilio huu una akili. Anayefungua daftari akiwa bado na kinyongo huandika makosa ya watu wengine kwa mwandiko wake.

Hatua ya sita: usifanye peke yako

Avot inaagiza mtu ajipatie mwalimu na ajinunulie rafiki, na Talmudi ina msemo mkali zaidi: ama wenza, ama mauti. Katika yeshiva mwanafunzi husoma na mwenzake mmoja, na wafuasi wa Musar waliongeza vikao vya kikundi kidogo vya kushughulikia tabia. Kutana na mwenzako mara moja kwa wiki, ana kwa ana au kwa simu, mkasomeane sentensi zenu saba. Kila mmoja azungumze juu yake mwenyewe. Ushauri utolewe ukiombwa tu.

Kuwe na mpaka mmoja usiovukwa. Sheria ya Kiyahudi inakataza kumsema mtu vibaya hata kama unayoyasema ni kweli, na kikao cha kujirekebisha ni mahali rahisi mno pa kuivunja. Ukieleza jinsi ulivyokosa subira kwa mume wako, huna haja ya kueleza alichofanya mume wako. Sema “niliudhiwa na jambo dogo nyumbani”, inatosha. Kikundi kinachoruhusu maelezo zaidi ya hapo hugeuka haraka kuwa kijiwe.

Hatua ya saba: ukianguka

Utaanguka, na Mithali imekwisha kusema kwamba mwenye haki huanguka mara saba akainuka. Nukta kwenye daftari peke yake haimalizi jambo. Kwa Maimonides toba ina sehemu zinazojulikana: kuliacha kosa, kulijutia, kulikiri kwa maneno yanayotamkwa mdomoni, na kuazimia kutolirudia. Kukiri kwa kutamka ni sharti, kwa sababu majuto yasiyosemwa hayana umbo.

Likiwa kosa dhidi ya mtu, ibada haitoshi. Mishna inasema wazi kwamba hata Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka amridhishe aliyemkosea. Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Kwanza rudisha kilicho chake: fedha, muda, au jina lake zuri mbele ya wale uliowaambia vibaya. Kisha mwendee mwenyewe, ukataje kosa kwa jina, isipokuwa kama kulitaja kutamfedhehesha zaidi. Hapo omba msamaha kwa jumla. Akikataa, rudi tena, hadi mara tatu, na desturi ni kwenda na watu watatu wa kumsihi pamoja nawe. Akikataa mara ya tatu, umetimiza wajibu wako, unaweza kumwacha. Akiwa mwalimu wako, huna idadi: unarudi hata mara 1,000. Aliyekosewa naye anafundishwa asiwe mkatili akakataa kusamehe pale anapoombwa kwa moyo wa kweli.

Mtu atajuaje kwamba toba yake imekamilika? Kipimo cha Maimonides ni kigumu na cha haki: linapomjia jambo lilelile alilokosea, mahali palepale, akiwa na uwezo uleule wa kulifanya, naye akaliacha kwa sababu ametubu, wala si kwa woga au kuishiwa nguvu. Daftari husaidia hapa. Tukio la “mama na bei ya dawa” likijitokeza tena miezi mitatu baadaye na ukajibu vizuri, andika hilo pia.

Ipo pia namna ya kuanguka kwa makusudi. Mishna hiyohiyo inasema anayejiambia “nitatenda, kisha nitatubu” hapewi nafasi ya kutubu. Ukigundua unachelewesha ahadi kwa kuwa mzunguko mpya unaanza wiki ijayo, umefika hapo.

Hatua ya nane: ifungamanishe na majira ya mwaka

Unaweza kuanza wiki yoyote. Kalenda ya Kiyahudi haiendi sawa na wiki 52, kwa kuwa mwaka wake wa kawaida una siku 353 hadi 355, na mwaka wenye mwezi wa ziada, unaokuja mara saba katika kila miaka 19, una siku 383 hadi 385. Wengi huanza mwezi wa Elul, ambapo baragumu ya pembe hupigwa asubuhi za kazi, na ambao pamoja na siku za mwanzo za Tishri, mwezi unaofuata, hufanya siku 40 za kujichunguza mpaka Yom Kippur. Huo ndio wakati wa kupitia daftari la mwaka mzima na kwenda kwa watu ambao majina yao yanajirudia humo. Kipindi cha pili kinachofaa ni usiku 49 kati ya Pasaka na Shavuot, sikukuu ya Majuma, zinazohesabiwa moja moja kwa baraka. Zinatosha kwa tabia saba, wiki saba.

Mzunguko wa wiki 13 ukiisha, usibadilishe orodha mara moja hata kama baadhi ya mistari haina nukta kabisa. Rudi kwenye tabia ya kwanza, chukua sentensi mpya, na ahadi iliyokuwa “nakunywa maji kabla ya kujibu ujumbe” sasa iwe juu ya mtu anayekuudhi akiwa amesimama mbele yako.